MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: UPIMAJI WA UKINZANI WA UDONGO USIOSHIBA MAJI, PAMOJA NA MFANO WA ARUSHA NA MLIMA MERU

Utangulizi

Maelezo haya yanatolewa kwa watumishi wa Serikali wanaosimamia ujenzi, barabara, ardhi na uchimbaji, na kwa wananchi kwa jumla. Madhumuni yake ni kueleza kwa nini kingo ya udongo iliyosimama wima kiangazi kizima huweza kuanguka kwa siku moja ya masika, na jinsi maabara inavyoweza kuupima udhaifu huo kabla haujaleta msiba.

Mwanzoni mwa mwezi wa Aprili 2013, katika kipindi cha mvua kubwa, ukuta wa machimbo ya moramu huko Moshono, pembezoni mwa jiji la Arusha, uliporomoka na kuwafukia watu waliokuwa kazini humo. Zaidi ya watu 10 walipoteza maisha. Miaka kumi baadaye, tarehe 3 Disemba 2023, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, likaupita mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walifariki. Serikali ilieleza wakati ule kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka.

Matukio haya mawili yanatofautiana kwa ukubwa na kwa namna yalivyotokea. Lakini yote mawili yanaleta mbele yetu suala moja: udongo mkavu una nguvu ya kuazima, na maji ya mvua ndiyo yanayokuja kuidai.

Udongo wa Mlima Meru

Mlima Meru una urefu wa mita 4,562 kutoka usawa wa bahari. Ni mlima wa volkeno ambao mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Miaka elfu kadhaa iliyopita ubavu wake wa mashariki ulimeguka, na kifusi chake kikatapakaa hadi eneo lenye maziwa ya Momella hivi sasa. Jiji la Arusha limekaa chini ya ubavu wa kusini-magharibi, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na mito kadhaa, ikiwemo Themi na Naura, hushuka kutoka mlimani na kupita katikati ya makaazi ya watu.

Ardhi ya eneo hilo kwa sehemu kubwa imetokana na majivu, mawe mepesi na tope la kale la volkeno. Udongo huo ni mwepesi, una vitundu vingi, nao una rutuba inayostawisha kahawa na migomba ya Wameru na Waarusha. Wakati wa kiangazi hukatwa kwa sururu ukasimama kama ukuta bila ya nguzo wala tegemeo. Kwa ajili hiyo watu huchimba humo mashimo ya moramu, mashimo ya vyoo, misingi ya nyumba na njia za magari, wakiamini kwamba kilichosimama leo kitasimama na kesho. Mvua za masika huanza mwezi wa Machi hadi Mei, na za vuli hunyesha mwezi wa Novemba na Disemba. Kwa hivyo kila mwaka udongo huo hukauka na kulowana zaidi ya mara moja.

Nini hasa kinachoushikilia udongo

Udongo ulio juu ya maji ya chini ya ardhi una vitu vitatu ndani yake: chembe ngumu, maji na hewa. Pale vitundu vyote vinapojaa maji, husemwa kuwa udongo umeshiba. Pale hewa inapobakia humo pamoja na maji, udongo huitwa usioshiba. Sehemu kubwa ya udongo tunaoujengea, tunaoulima na tunaoukata ni wa aina hii ya pili.

Mfano wake unajulikana na kila fundi wa matofali. Mchanga na saruji vikiwa vikavu kabisa havishikani. Kalibu ikiinuliwa, vyote humwagika. Vikitiwa maji kwa kiasi, tofali husimama lenyewe mara tu kalibu inapoondolewa, kabla saruji haijaanza kukaza. Maji yakizidi, tofali hutandazika chini kama uji. Kinacholishika tofali lile katika dakika zake za mwanzo ni maji machache yaliyojikunja baina ya chembe na kuzivuta pamoja. Mvuto huo ndio tutakaouita mfyonzo.

Kadiri vitundu vinavyokuwa vidogo, ndivyo mfyonzo unavyoweza kuwa mkubwa. Uso wa maji uliojikunja kwa nusu kipenyo cha sehemu moja ya mia ya milimita huweza kubeba mfyonzo wa kilopaskali 15 hivi. Ukijikunja kwa nusu kipenyo cha sehemu moja ya elfu ya milimita, hubeba kilopaskali 145 hivi. Ili msomaji apate kufahamu ukubwa wa kipimo hicho, kilopaskali 10 ni karibu sawa na uzito wa tani moja uliowekwa juu ya mita moja ya mraba.

Udongo hauanguki kwa kupondwa. Huanguka kwa tabaka moja kuteleza juu ya jingine, yaani kwa kukatika. Uwezo wake wa kupinga jambo hilo ndio unaoitwa ukinzani wa mkato. Mhandisi wa Kifaransa Coulomb, katika karne ya 18, alieleza kuwa ukinzani huo una mafungu mawili: mshikamano wa udongo wenyewe, na msuguano unaoongezeka kadiri udongo unavyokandamizwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 Karl Terzaghi alionyesha kwamba katika udongo ulioshiba, kanieneo ya maji yaliyomo lazima itolewe kwanza kwenye mkandamizo, kwani maji hubeba mzigo lakini hayana msuguano.

Kanuni hizo hazikutosha kwa udongo wenye hewa na maji pamoja. Mwaka 1959 Bishop alipendekeza njia ya kuyaunganisha hayo mawili, na mwaka 1978 Fredlund, Morgenstern na Widger, nchini Kanada, wakatoa kanuni inayotumika sana hadi leo. Kwa mujibu wa kanuni hiyo ukinzani ni jumla ya mafungu matatu: mshikamano wa udongo, msuguano unaotokana na mkandamizo uliozidi kanieneo ya hewa, na nyongeza inayotokana na mfyonzo, yaani tofauti baina ya kanieneo ya hewa na ya maji. Mafungu mawili ya mwanzo hubakia takriban yale yale katika misimu yote. Fungu la tatu hukua wakati wa jua na kutoweka wakati wa mvua.

Kazi inavyofanyika maabarani

Inafaa ieleweke kuwa kipimo cha kawaida cha sanduku la mkato hakiwezi peke yake kuligundua fungu hilo la tatu. Katika kipimo hicho kipande cha udongo, mara nyingi chenye upana wa milimita 60 kwa 60, huwekwa ndani ya sanduku lililogawika sehemu mbili, ya juu na ya chini. Kikandamizwe kutoka juu, kisha nusu moja ya sanduku isukumwe kwa upande hadi udongo ukatike. Kipimo hakimwambii fundi mfyonzo ulikuwa kiasi gani wakati wa kukatika. Ili kujua hilo yanahitajika mambo yafuatayo:

(a) Sampuli isiyovurugwa. Udongo hukatwa kwa mkono kama tofali kutoka kwenye shimo, hufungwa kwa nailoni, hupakwa nta na kusafirishwa kwa uangalifu. Tarehe na hali ya mvua huandikwa. Kwa udongo wa majivu ya volkeno, kama ule wa Meru, sampuli isikaushwe kwenye tanuri kabla ya kupimwa. Baadhi ya madini yaliyomo hubadilika moja kwa moja yakikaushwa, na hayarejei hali yake hata yakirudishiwa maji. Matokeo yake huwa ni ya udongo mwingine kabisa.

(b) Chumba kisichovuja hewa. Sanduku la mkato huwekwa ndani ya chumba cha chuma chenye uwezo wa kuhimili kanieneo ya hewa.

(c) Sahani ya kauri. Chini ya sampuli huwekwa sahani ya kauri yenye vitundu vidogo mno. Ikisha kushibishwa maji, hupitisha maji lakini huzuia hewa, mradi mfyonzo usizidi kiwango cha sahani hiyo. Ziko sahani za kilopaskali 100, 300, 500 na hata 1,500. Kazi yake ni kuyatenganisha maji na hewa ili kila kimoja kitawaliwe peke yake.

(d) Kuinua kanieneo ya hewa. Maji yanapovutwa hadi kukaribia kilopaskali 100 chini ya kanieneo ya hewa ya kawaida, hutoa mapovu ndani ya mabomba na vipimo vikaharibika. Mwaka 1956 Hilf alitoa ufumbuzi: badala ya kuyavuta maji chini, hewa ndiyo inuliwe juu. Hewa ya chumbani ikiwa kilopaskali 200 na maji yakiwa kilopaskali 50, mfyonzo ni 150, na hakuna maji yaliyovutwa kupita kiasi.

(e) Subira. Baada ya mfyonzo kuwekwa, maji huachwa yatoke au yaingie kwenye sampuli hadi yatulie. Jambo hili huweza kuchukua siku kadhaa kwa udongo wenye chembe laini. Kisha sanduku husukumwa polepole mno, ili mfyonzo usibadilike wakati udongo unakatika. Seti nzima ya vipimo huweza kuchukua wiki nyingi, wakati kipimo cha kawaida cha mchanga humalizika ndani ya siku moja.

(f) Kuondoa hewa iliyopenya. Hewa huyeyuka kidogo kidogo ndani ya maji ya kauri na kutokeza upande wa pili kama mapovu. Mapovu hayo yasipoondolewa kila baada ya muda, hesabu ya maji yaliyoingia na kutoka huwa ya uongo.

Kazi kama hiyo huweza pia kufanywa katika chombo cha traiaksia, ambamo kipande cha udongo cha mviringo huvishwa utando wa mpira na kukandamizwa kutoka pande zote kabla ya kusukumwa kutoka juu. Majaribio ya miaka ya 1980 yalionyesha jambo jingine muhimu: nyongeza ya mfyonzo haiendi kwa mstari ulionyooka. Mwanzoni hukua haraka, kisha hupungua mwendo kadiri maji yanavyokuwa machache, kwa kuwa maji hayo hugusa sehemu ndogo tu ya chembe. Hivyo haifai kupima kwa mfyonzo mmoja na kukisia iliyobaki.

Mfano wa hesabu

Tuchukue udongo wenye mshikamano wa kilopaskali 2, pembe ya msuguano ya digrii 32, na pembe ya nyongeza ya mfyonzo ya digrii 15. Hizi ni tarakimu za mfano tu, zilizochaguliwa ili kuonyesha njia. Udongo huo una uzito wa kilonyutoni 16 kwa kila mita ya ujazo, umelala kwenye mteremko wa digrii 40, na tunaangalia tabaka lililo mita 2 chini.

Uzito wa udongo unaukandamiza mteremko kwa kilopaskali 18.8 na kuusukuma kuteremka kwa kilopaskali 15.8. Msuguano unatoa kilopaskali 11.7; ukijumlisha mshikamano wa 2, ukinzani ni 13.7. Wakati wa kiangazi, mfyonzo ukiwa kilopaskali 40, nyongeza yake ni 10.7, na ukinzani wote hufika 24.4. Ukigawa kwa 15.8 unapata 1.5, mteremko uko salama. Masika yakiingia na mfyonzo ukaisha, hubakia 13.7 dhidi ya 15.8. Jawabu ni chini ya moja, na mteremko huteremka.

Kwa kingo iliyokatwa wima, kama ya machimbo, tofauti ni kubwa zaidi. Kwa udongo huo huo, hesabu inaruhusu kimo cha mita 5.7 hivi wakati wa ukavu. Nyufa zikijitokeza juu, kimo hicho hupungua kwa theluthi moja. Udongo ukishiba na kufikia uzito wa kilonyutoni 18, kimo kinachoruhusiwa hakizidi mita 0.8. Mtu mzima akisimama chini ya kingo ya mita 4 wakati wa kiangazi anaweza kurudi nyumbani salama siku mia moja mfululizo. Uzoefu huo wa siku mia moja haumthibitishii chochote kuhusu siku ya mia moja na moja, iwapo mvua imenyesha usiku wake.

Njia nyepesi pale vifaa vinapokosekana

Chombo chenye kauri na kanieneo ya hewa ni cha gharama, na huhitaji fundi aliyezoea. Hata hivyo, ukosefu wake usiwe sababu ya kutopima kabisa. Ziko njia tatu zinazosaidia.

Kwanza, sampuli ipimwe ikiwa imelowekwa hadi kushiba. Kipimo hiki huweza kufanywa kwa sanduku la kawaida, nacho hutoa mafungu mawili yasiyotoweka. Wahandisi wa barabara tayari wana mazoea kama hayo, kwani katika kipimo cha CBR sampuli hulowekwa siku 4 kabla ya kusukumwa. Mwenye kubuni kwa tarakimu za udongo ulioshiba ameuweka mfyonzo kando kama akiba.

Pili, mfyonzo upimwe peke yake. Karatasi maalumu ya kuchujia hufungiwa pamoja na sampuli kwa siku saba au zaidi. Hunyonya unyevu hadi kulingana na udongo, kisha hupimwa uzito kwa mizani nyepesi. Kwa mfyonzo mdogo, usiozidi kilopaskali 80 au 90, tensiometa huweza kuchomekwa ardhini penyewe na kusomwa kila siku, hata wakati mvua inanyesha.

Tatu, ichorwe kwanza picha ya uhusiano baina ya maji na mfyonzo wa udongo husika. Kutokana na picha hiyo, pamoja na kipimo cha udongo ulioshiba, wataalamu hukadiria ukinzani wa kila msimu. Hayo ni makadirio, na kwa kazi kubwa hayachukui nafasi ya kipimo chenyewe.

Mambo ya kuzingatia

Kwa watumishi wanaosimamia kazi, inashauriwa ripoti ya udongo ieleze sampuli ilichukuliwa msimu gani na ilipimwa ikiwa na unyevu kiasi gani. Ripoti inayosema tu kuwa udongo ni imara, bila ya kueleza hali ya maji, haijasema jambo la kutegemewa. Aidha, mifereji, majani yaliyopandwa na mitaro ya juu ya mteremko isihesabiwe kuwa ni mapambo ya kazi. Yote hayo yanaulinda mfyonzo, na kwa hivyo ni sehemu ya nguvu ya ukuta.

Kwa wananchi, wanakumbushwa yafuatayo. Asiingie mtu ndani ya shimo au chini ya kingo ndefu wakati wa mvua, wala katika siku zinazofuata, kwani maji huendelea kupenya ndani baada ya mbingu kutakata. Mchimbaji asikate chini ya kingo na kuacha juu imeninginia. Nyufa zinazotokea juu ya mteremko, miti inayoanza kuinama na chemchemi mpya zinazochuruzika ni dalili za kuondoka mahali hapo na kutoa taarifa. Maji ya bomba lililopasuka, ya shimo la choo na ya paa lisilo na mfereji yana athari ile ile ya mvua, hata katikati ya kiangazi.

Kwa upande wa Visiwa vyetu, hatuna mlima wa volkeno. Lakini tunao udongo wa kichanga, kinongo na kinamo. Tunayo mashimo ya mchanga na kifusi Unguja, na Pemba tunavyo vilima na mabonde ambamo nyumba na barabara zimejengwa kwenye miteremko. Sheria ya mfyonzo ni ile ile. Masheha, walimu wa skuli na viongozi wa shehia wanaombwa kuyafikisha maelezo haya kwa wanaochimba na wanaojenga, kabla ya kuingia masika.

Hitimisho

Kwa muhtasari, udongo mkavu hauna nguvu zote unazoonekana kuwa nazo. Sehemu ya nguvu hizo ni yake, na sehemu ni ya msimu. Kazi ya maabara ni kuzitenganisha sehemu hizo mbili kwa tarakimu; kazi ya msimamizi ni kujengea ile iliyo ya kudumu; na kazi ya kila mmoja wetu ni kutoiweka roho yake, wala ya mfanyakazi wake, chini ya ile inayoondoka na mvua.